Bruce Lee aliongea Kichina gani? Kikantoni katika filamu, nyimbo na gemu

Msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe baada ya kipindi: "Hivi Bruce Lee alikuwa anaongea Kichina gani?" Studio tulicheka kidogo, maana kwa wengi wetu Kichina ni Kichina. Lakini swali lile lina jibu, na jibu lenyewe linashangaza. Nyumbani na mtaani Bruce Lee aliongea Kikantoni. Ila filamu zilizompa jina zilipotoka Hong Kong, sauti iliyosikika ilikuwa ya mtu mwingine akisema Kimandarini. Cha kwake mwenyewe kilikuwa ule ukelele wake.

Kwa hiyo filamu tulizoziita "za Kichina" zina habari ya lugha ndani yake, na hiyo ndiyo tunaieleza hapa. Huko mbele utakuta pia wimbo wa Kikantoni wenye maneno ya Kiswahili, ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia redioni.

Kikantoni ni lugha ya wapi

China ina lugha nyingi. Lugha rasmi ya taifa, inayofundishwa shuleni na kutumika serikalini, ni Kimandarini. Kikantoni ni lugha ya kusini: mji wa Guangzhou na maeneo yanayouzunguka, pamoja na Hong Kong na Macau. Guangzhou ni ule ule mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Nairobi huenda kufuata mzigo. Zamani Wazungu waliuita Canton, na jina la lugha likatokea hapo. Wanaoisema ni takribani watu milioni 80, wakiwemo wahamiaji wengi walioko Marekani, Kanada na Uingereza.

Mtu wa Beijing akikisikia Kikantoni kwa mara ya kwanza haelewi, kama vile Msukuma asivyomwelewa Mmakonde ingawa lugha zote mbili ni za Kibantu. Kinachowaunganisha zaidi ni maandishi. Herufi ileile kila mmoja anaisoma kwa matamshi ya kwao. Ndiyo maana majina ya wasanii hawa yana sura mbili. Jina la Kichina la Bruce Lee kwa Kikantoni ni Lei Siu-lung, kwa Kimandarini ni Li Xiaolong. Chan wa Kikantoni ni Chen wa Kimandarini, na Chow ni Zhou.

Kikantoni kina toni sita, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana. Chukua silabi "si". Ukiitamka juu na kuituliza, ni shairi. Ukiipandisha kutoka kati kwenda juu, ni historia. Ukiituliza katikati, ni kujaribu. Ikishuka chini ni wakati, ikipanda kidogo kutoka chini ni soko, na ikitulia chini ni jambo. Wasikilizaji wetu wanaosema Kihaya au Kikuyu wataelewa upesi, kwa kuwa nao wana mambo ya toni. Sisi ambao tumezoea Kiswahili peke yake tunahitaji muda. Ishike habari hii ya toni, tutaihitaji tukifika kwenye muziki.

Lugha iliyokaribia kutoweka kwenye sinema ya kwao

Hong Kong ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1842 na ikarudishwa China tarehe 1 Julai 1997. Wakazi wake wengi ni wasemaji wa Kikantoni, na katika miaka ya 1950 na 1960 filamu za Kikantoni zilitengenezwa hapo kwa mamia. Nyingi zilipigwa haraka kwa fedha kidogo. Zilitegemea sana opera ya Kikantoni, michezo ya jukwaani yenye kuimba, mavazi mazito na mapigano. Kuanzia mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alicheza mara nyingi sana kama Wong Fei-hung, mganga na bingwa wa kung fu aliyeishi kweli, mwenyeji wa Foshan karibu na Guangzhou. Baba yake Bruce Lee, Lee Hoi-chuen, naye alikuwa mwigizaji wa opera hiyo. Alikuwa ziarani Marekani na kundi lake mwanawe alipozaliwa San Francisco mwaka 1940. Mtoto akakulia Hong Kong, na kabla hajawa kijana alikuwa ameshaonekana katika filamu kadhaa za Kikantoni.

Baada ya mwaka 1949, watu wengi wa sinema kutoka Shanghai na sehemu nyingine za bara walihamia Hong Kong. Hao walitengeneza filamu kwa Kimandarini. Kampuni ya Shaw Brothers ilijenga studio kubwa Clearwater Bay, ikaleta rangi, skrini pana na mavazi ya gharama. Filamu ya Kimandarini ilikuwa na soko Taiwan na kwa Wachina wa Kusini Mashariki mwa Asia, kwa hiyo fedha zilifuata huko. Ilipofika mwaka 1972 filamu mpya za Kikantoni zilikuwa zimekauka. Mji wa watu wanaosema Kikantoni ulikuwa unaingia sinema kusikiliza lugha nyingine.

Bruce Lee alirudi katika hali hiyo mwaka 1971. Kampuni changa ya Golden Harvest, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Raymond Chow baada ya kuondoka Shaw Brothers, ilimpeleka Thailand kupiga The Big Boss. Zikafuata Fist of Fury na The Way of the Dragon, zote mwaka 1972. Siku hizo sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Waigizaji walicheza, kisha watu wengine waliingia studio na kuweka maneno. Na maneno yaliwekwa kwa Kimandarini, kwa sababu soko lilitaka hivyo. Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, kabla Enter the Dragon haijafika kwenye majumba ya sinema ya Marekani.

Mwaka huohuo wa 1973 Hong Kong ilitoka filamu ambayo huku kwetu haijulikani kabisa, The House of 72 Tenants, iliyoongozwa na Chor Yuen. Haina stelingi wa kung fu. Ni vichekesho kuhusu wapangaji waliobanana katika nyumba moja, wakinyanyaswa na mwenye nyumba na mkewe, wakitoleana maneno, wakisaidiana dhidi ya polisi mla rushwa. Waigizaji wengi walikuwa wanafahamika kutoka kituo cha televisheni cha TVB, na waliongea Kikantoni. Katika majumba ya sinema ya Hong Kong iliingiza fedha nyingi kuliko Enter the Dragon. Wapangaji walimshinda Bruce Lee nyumbani kwake! Na iliyotengeneza filamu hiyo ni Shaw Brothers wenyewe, wale wale wa Kimandarini. Baada ya hapo milango ilifunguka, na miaka michache baadaye Kikantoni kilikuwa kimerudi kuwa lugha ya kawaida ya sinema ya Hong Kong.

Wimbo hauingizwi sauti nyingine

Filamu unaweza kuitoa maneno na kuweka mengine. Wimbo ni vigumu, na hapo ndipo Kikantoni kilipopata nguvu yake.

Kabla ya miaka ya 1970 vijana wa Hong Kong waliosoma walipenda nyimbo za Kiingereza, na nyimbo za mapenzi za Kimandarini zilikuwa na heshima. Wimbo wa Kikantoni ulionekana ni wa wazee na wa opera. Aliyegeuza mambo ni Sam Hui. Alikuwa ameanza kwa kuimba Kiingereza na bendi yake. Mwaka 1974 aliimba nyimbo za filamu Games Gamblers Play, iliyoongozwa na kaka yake Michael Hui, kwa Kikantoni cha mtaani, lugha ya mtu anayesubiri basi. Mwaka 1976 ndugu hao walitoa The Private Eyes, na wimbo wake mkuu ulimsema mfanyakazi anayetumwa huku na huku na bosi, mshahara hautoshi, jasho linaisha. Wafanyakazi wa viwandani na maofisini walijisikia ndani yake. Waliomsikiliza Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu wanajua jambo hilo linavyokuwa wimbo ukizungumza maisha yako kwa maneno unayoyatumia.

Sasa turudi kwenye toni. Kwa kawaida katika muziki huu mtunzi wa sauti hutangulia, kisha mtunzi wa maneno anapokea muziki uliokamilika na kuujaza. Ugumu ni kwamba noti ya juu ikikutana na neno la toni ya chini, msikilizaji atasikia neno lingine kabisa. Waimbaji wa Kimandarini mara nyingi hawajali sana, maana maneno ya jirani yanasaidia kueleweka. Wa Kikantoni hawana nafasi hiyo. Kila silabi lazima ifuate mlima na bonde la muziki. Ndiyo maana Hong Kong mtunzi wa maneno ana heshima kubwa karibu sawa na mwimbaji. Anayetajwa zaidi ni James Wong, aliyefanya kazi na mtunzi wa muziki Joseph Koo. Pamoja waliandika wimbo wa tamthilia ya TVB iitwayo The Bund ya mwaka 1980, ulioimbwa na Frances Yip. Tamthilia hiyohiyo ilimpa umaarufu Chow Yun-fat, ambaye wengi wetu tunamjua akiwa na bastola mbili mkononi.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya Anita Mui na Leslie Cheung, wote wawili waimbaji na waigizaji wa filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magazeti yaliwapa waimbaji wanne jina la Wafalme Wanne wa Mbinguni: Jacky Cheung, Andy Lau, Leon Lai na Aaron Kwok. Mwaka 2003 Hong Kong ilizika nyota wake wawili. Leslie Cheung alifariki tarehe 1 Aprili, mji ukiwa katikati ya ugonjwa wa SARS, na Anita Mui akafuata tarehe 30 Desemba kwa saratani.

Wimbo unaoitwa Amani

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 1983 vijana wa Hong Kong walianzisha bendi ya roki iitwayo Beyond. Kiongozi wao, mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi, alikuwa Wong Ka Kui. Wakati wenzao wengi waliimba mapenzi tu, Beyond waliimba pia kuhusu siasa, ubaguzi na maisha ya watu wa chini. Mwaka 1990, mwaka ambao Nelson Mandela alitoka gerezani, walitoa wimbo wa kumuenzi. Wanafunzi wa Hong Kong ambao hawajawahi kukanyaga Afrika waliukariri.

Mwaka 1991 wanabendi walisafiri hadi Kenya pamoja na shirika la misaada la World Vision, wakaona watoto wanaoishi katika shida. Waliporudi walitoa wimbo kuhusu watoto na vita, na jina lake ni neno letu: "Amani". Aya zake ni za Kikantoni. Kiitikio kina Kiswahili, maneno machache mepesi ya amani na upendo, ambayo mtoto wa chekechea wa huku angeyaelewa. Lafudhi ni ya Hong Kong, lakini hahitajiki mkalimani. Nilipousikia mara ya kwanza niliurudisha nyuma mara tatu, nikidhani nimesikia vibaya. Tangu miaka ya 1990 watu wa Hong Kong na kusini mwa China wamekuwa wakiimba Kiswahili kwenye maonyesho na kwenye karaoke.

Wong Ka Kui hakuishi kuona wimbo huo ukizeeka. Mwezi Juni 1993 alianguka kutoka jukwaani wakati wa kurekodi kipindi cha mchezo cha televisheni mjini Tokyo, akafariki tarehe 30 Juni akiwa na miaka 31. Wimbo wao wa mwaka huo kuhusu mtu asiyekubali kuacha ndoto yake ulikuja kuimbwa na umati mitaani katika maandamano ya Hong Kong ya mwaka 2014.

Kutoka studio za Hong Kong hadi kibanda umiza

Filamu za Bruce Lee zilionyeshwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Kanda za video zilipokuja, Hong Kong ikahamia kwenye vibanda. Wakati huo Jackie Chan ndiye aliyetawala. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1954, na akiwa mtoto mdogo wazazi wake walimwandikisha katika shule ya opera ya Kipeking ya mwalimu Yu Jim-yuen, ambako alikaa karibu miaka kumi akifundishwa sarakasi kwa fimbo. Sammo Hung na Yuen Biao walikuwa wanafunzi wenzake. Drunken Master ya mwaka 1978 ilichanganya kung fu na vichekesho, na Project A ya mwaka 1983 ilimwonyesha akidondoka kutoka kwenye mnara wa saa. Mwaka 1986 huko Yugoslavia, akipiga Armour of God, alianguka kutoka kwenye mti na kupasuka fuvu. Zile picha za makosa na majeraha mwishoni mwa filamu ndizo zilizotufanya tusitoke kibandani hadi maandishi yaishe.

Mwaka 1986 pia John Woo alitoa A Better Tomorrow na kuanzisha mtindo wa majambazi wenye koti refu na risasi zinazoruka polepole. Miaka ya mwanzo ya 1990 Hong Kong, mji wa watu milioni sita hivi wakati huo, ilitoa filamu zaidi ya 200 kwa mwaka. Ndani ya wingi huo kulikuwa na vituko. Yule mzee wa Kisani wa Namibia, N!xau, tuliyemjua kwenye The Gods Must Be Crazy, alialikwa katika filamu za Hong Kong. Katika Crazy Safari ya mwaka 1991 anakutana na maiti inayorukaruka ya Kichina iliyodondoka Afrika kutoka kwenye ndege. Ukiipata, itazame na watoto.

Kibandani tulikuwa na msimulizi. Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, na ma-VJ wa Uganda kwa lugha zao. Filamu iliyofika mikononi mwao mara nyingi ilikuwa imeshaingizwa sauti ya Kiingereza. Kwa hiyo fikiria safari ya filamu ya Bruce Lee: mwigizaji Mkantoni, sauti ya Kimandarini, juu yake sauti ya Kiingereza, na juu kabisa Mswahili anayemwita adui majina ya mtaani kwetu. Kikantoni kilikuwa chini kabisa ya rundo hilo, hakisikiki.

Kwenye gemu

Kijana anayelipia dakika kwenye kibanda cha PlayStation naye anacheza Hong Kong bila kujua. Mwaka 1984 kampuni ya Irem ya Japani ilitoa gemu ya Kung-Fu Master, ambayo Japani ilitumia jina la filamu ya Jackie Chan, Wheels on Meals, kama ilivyojulikana huko. Mtu anatembea, anapigana na maadui, anapanda ghorofa kwa ghorofa. Aliyeibuni, Takashi Nishiyama, ndiye aliyekuja kubuni Street Fighter ya mwaka 1987. Katika Tekken, Marshall Law ana mwili, mateke na ukelele wa Bruce Lee, na Lei Wulong, polisi wa Hong Kong anayepigana kwa mtindo wa mlevi, ni Jackie Chan aliyebadilishwa jina. Liu Kang wa Mortal Kombat naye ametoka kwa Bruce Lee. Kule kupunguza mwendo wa risasi katika Max Payne ya mwaka 2001, iliyotengenezwa Finland, kunamfuata John Woo.

Gemu ambayo unakisikia Kikantoni chenyewe ni Sleeping Dogs ya mwaka 2012, iliyotengenezwa Kanada. Polisi anajipenyeza katika genge la Hong Kong, na watu wa mitaani wanachanganya Kiingereza na Kikantoni kama tunavyochanganya sisi. Na zamani kidogo, mwaka 1999, vijana wa Hong Kong wenyewe walitoa bure Little Fighter 2, gemu ndogo ya kompyuta ambayo ilizunguka dunia kwa kunakiliwa.

Lugha hiyo iko wapi leo

Kishindo kilipungua kabla hata ya mwaka 1997 kuisha. Diski za VCD za wizi, zile zile zilizotufikia sisi kwa bei ya maji, ziliwatia hasara watengenezaji. Kuanzia mwaka 2004 makubaliano ya biashara yaliwawezesha kushirikiana na kampuni za bara na kupata soko kubwa, na soko hilo linataka Kimandarini. Filamu za mwaka zikashuka hadi hamsini hivi. Mwaka 2010 lilipotolewa pendekezo kwamba televisheni ya Guangzhou ihamie zaidi kwenye Kimandarini kabla ya Michezo ya Asia, watu walitoka mitaani kupinga, jambo lisilo la kawaida huko.

Lakini Hong Kong bado inatazama vya kwake. A Guilty Conscience ya mwaka 2023, kesi ya mahakamani kwa Kikantoni, ilikuwa filamu ya kwanza ya Hong Kong kuvuka dola milioni 100 za Hong Kong nyumbani. The Last Dance ya mwaka 2024, kuhusu mzee anayeendesha ibada za mazishi na bintiye, ikaipita. Na ukitazama tena Kung Fu Hustle ya Stephen Chow ya mwaka 2004, ule mtaa wa wapangaji na yule mama mwenye nyumba mwenye sauti ya kutisha wametoka moja kwa moja kwenye ile The House of 72 Tenants.

Ukitaka kujua filamu iliyo kwenye simu yako inasema nini, sikiliza wanavyoshukuru. Kimandarini ni "xie xie", inayosikika kama "shye-shye". Kikantoni ni "m goi" kwa huduma, au "do je" kwa zawadi. Kuhesabu pia kunasaidia: moja, mbili, tatu ni "yi, er, san" kwa Kimandarini, na "yat, yi, saam" kwa Kikantoni. Ukisikia "m goi", upo Hong Kong. Na kama filamu inaruhusu kuchagua sauti, chagua Kikantoni hata kama huelewi, halafu soma maandishi ya chini. Wimbo wa "Amani" tutaupiga katika kipindi cha Jumamosi.